BAHARI INAPANDA AU NCHI INASHUKA?

Kama unakaa pwani, bila shaka umewahi kusikia wazee wakisema, "Zamani maji hayakufika hapa." Mzee anakuonyesha mnazi ulioanguka. Anakuonyesha kisima kilichoingia chumvi. Au anakuonyesha mahali palipokuwa na nyumba, na sasa ni mchanga mtupu.

Watu wakiona mambo hayo husema, "Bahari imepanda." Mara nyingi husema kweli. Lakini jambo hili lina pande mbili. Leo tutauangalia upande ambao watu wengi hawaufikirii. Upande huo ni nchi kavu yenyewe.

Sisi tumezoea kuamini kwamba nchi haisogei. Tunasema bahari hujaa na kupwa, lakini ardhi imetulia. Kumbe ardhi nayo hupanda na kushuka. Hufanya hivyo polepole sana, hata mtu aliyesimama juu yake hajui.

MTI ULIOCHOMEKWA MAJINI

Tuchukue mfano. Umechomeka mti kando ya bahari. Umeukata alama pale maji yanapofika wakati wa bamvua. Baada ya miaka mingi unarudi na kukuta maji yamepita ile alama kwa kiasi cha kiganja kimoja. Je, kumetokea nini?

Jibu la kwanza: maji yamepanda.

Jibu la pili: maji yako pale pale, lakini ardhi iliyoshika ule mti imeshuka. Mti umeshuka pamoja na ardhi.

Jibu la tatu: yote mawili yametokea pamoja.

Ukiutazama ule mti peke yake, huwezi kujua jibu lipi ni sahihi. Vipimo vya bahari vilivyoko bandarini vina shida hiyo hiyo, kwa sababu vimesimama juu ya ardhi. Kipimo cha bandari ya Zanzibar, kwa mfano, kimekuwa kikiandika kujaa na kupwa kwa maji tangu mwaka 1984. Kazi yake ni kubwa. Lakini ardhi ya pale ikishuka, kipimo kitashuka nayo, na kitaonyesha kwamba maji yamepanda.

Ndiyo maana siku hizi wataalamu hupima vitu viwili. Hupima maji, na hupima ardhi. Hutumia pia vyombo vinavyozunguka dunia juu angani, yaani setilaiti. Setilaiti haisimami juu ya ardhi yetu, kwa hiyo haidanganywi nayo.

Kwa vipimo vyote hivyo imejulikana kwamba kati ya mwaka 1901 na mwaka 2018 bahari za dunia zilipanda kwa wastani wa sentimeta 20 hivi. Sababu yake ni kwamba dunia inazidi kupata joto. Maji yakipata joto hutanuka. Barafu nayo inayeyuka na kutiririka baharini. Siku hizi maji hupanda karibu milimeta 4 kila mwaka. Hiyo ni chini ya nusu sentimeta. Ni kidogo, lakini kwa miaka 50 milimeta 4 zinafika sentimeta 20. Mkulima wa mpunga wa pwani anajua sentimeta 20 za maji ya chumvi zinaweza kufanya nini.

Lakini huo ni wastani. Ziko pwani ambazo maji yanapanda mara nyingi zaidi ya hapo. Ziko pia pwani ambazo maji yanarudi nyuma mwaka hata mwaka. Tuanze na hizo za mwisho.

NCHI INAYOTOKA MAJINI

Kaskazini mwa Ulaya kuna nchi mbili, Sweden na Finland. Katikati yao kuna ghuba, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Watu wa huko wana shida ambayo kwetu ni kinyume. Bahari inawakimbia.

Mji wa Luleå, nchini Sweden, ulijengwa penye bandari. Miaka ikapita. Maji ya bandari yakawa machache, na meli zikashindwa kuingia. Mwaka 1649 ikabidi mji uhamishwe uifuate bahari. Kanisa la zamani na nyumba ndogo zinazolizunguka bado ziko pale, mbali na maji.

Upande wa Finland mambo ni hayo hayo. Mahali ambapo babu alipita na mashua, mjukuu wake anakata nyasi za mifugo. Visiwa vipya hutokeza. Visiwa vya zamani huungana na bara. Katika eneo moja linaloitwa Kvarken, nchi kavu mpya inayopatikana kila mwaka inakaribia hekta 100.

Bila shaka utauliza: ardhi hiyo mpya ni ya nani? Huko, ardhi mpya huwa ya wale wenye haki ya eneo la maji ilikotokea. Mara nyingi hao ni wanakijiji kwa pamoja.

JIWE LA SILI

Zamani watu wa huko walibishana sana. Wengine walisema maji ya bahari yanakauka. Wengine walisema hapana, nchi inainuka. Nani angeweza kuamua?

Mtaalamu mmoja wa Sweden, Anders Celsius, aliamua kupima. Jina lake unalijua, hata kama hujui kwamba unalijua. Mganga wa zahanati akikupima homa na kusema una joto la nyuzi 39, hizo ni nyuzi za Celsius.

Katika bahari ile kuna mnyama anayeitwa sili. Sili huishi majini, lakini hupanda juu ya mawe kupumzika. Wawindaji walimvizia hapo. Kwa hiyo jiwe zuri la sili lilikuwa mali. Liliuzwa na kurithiwa, na habari zake ziliandikwa kwenye karatasi. Lakini jiwe likiwa juu mno, sili hawezi kulipanda tena, na thamani ya jiwe hupotea. Celsius akasoma maandishi hayo ya zamani. Akaona kwamba mawe yaliyokuwa na thamani wakati wa mababu sasa yamesimama juu ya maji, na hayana kazi.

Mwaka 1731 Celsius alichonga alama kwenye jiwe moja la kisiwa cha Lövgrund, pale maji yalipofika. Alama hiyo ipo hadi leo. Sasa iko karibu mita 2 juu ya maji.

Celsius mwenyewe alidhani kwamba maji ndiyo yanayopungua. Lakini alama yake iliwasaidia waliokuja baadaye kuupata ukweli. Kama maji yangekuwa yanapungua, yangepungua katika bahari zote kwa kiasi kimoja. Haikuwa hivyo. Kaskazini mwa Sweden mabadiliko yalikuwa makubwa. Kusini mwa nchi hiyo hiyo yalikuwa madogo. Maji ya bahari moja hayawezi kukauka upande mmoja tu. Basi kinachosogea ni nchi.

Leo imepimwa vizuri. Mahali nchi inapoinuka kwa haraka zaidi kwenye pwani ile, inapanda karibu sentimeta 1 kila mwaka. Piga hesabu. Kwa miaka 100 ni karibu mita 1.

KWA NINI NCHI INAINUKA?

Tazama mtumbwi. Ukiupakia magunia, unashuka majini. Ukiyapakua, unapanda tena. Hakuna aliyeuinua. Umeinuka wenyewe kwa sababu mzigo umeondoka.

Nchi ya Sweden na Finland ilikuwa imepakiwa mzigo. Mzigo huo ulikuwa barafu.

Miaka 20,000 hivi iliyopita dunia ilikuwa na baridi kuliko sasa. Theluji ilianguka kaskazini mwa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na haikuyeyuka. Ikashindiliana mwaka hata mwaka mpaka ikawa barafu nene. Mahali pengine unene wake ulifika kama kilometa 3. Kumbuka kwamba mlima wetu Kilimanjaro una urefu wa kilometa 6 kasoro kidogo. Fikiri barafu yenye unene wa nusu ya mlima huo, imeilalia nchi nzima.

Mzigo huo uliididimiza nchi. Kisha dunia ikapata joto, na barafu ikayeyuka. Kufikia miaka 10,000 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya barafu ile ya Ulaya ilikuwa imekwisha. Nchi ikaanza kuinuka.

Utauliza tena: mtumbwi huinuka mara moja. Kwa nini nchi inaendelea kuinuka mpaka leo?

Ni kwa sababu kilicho chini ya nchi si maji. Mwamba tunaoukanyaga ni kama ganda la juu. Chini yake, kilometa nyingi kwenda chini, kuna mwamba wenye joto kali. Mwamba huo ni mgumu, lakini ukikandamizwa kwa maelfu ya miaka husogea polepole, kama asali nzito inavyosogea ndani ya chungu. Nchi ilipodidimia, mwamba huo ulisukumwa pembeni. Sasa unarudi. Safari yake ni ya polepole sana, na haijaisha.

BARAFU ILE ILIIGUSA PWANI YETU

Usidhani kwamba barafu ile haikutuhusu. Maji yaliyoganda juu ya nchi kavu yalitoka baharini. Kwa hiyo bahari zote za dunia zilipungua. Wakati huo bahari ilikuwa chini ya ilivyo sasa kwa kadiri ya mita 120.

Kati ya Unguja na bara maji si ya kina kirefu. Yalipopungua, Unguja haikuwa kisiwa. Iliungana na bara, na wanyama walivuka kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia. Leo hakuna pundamilia wa porini Unguja. Walikuja kwa miguu, na bahari iliporudi, kisiwa kikafungwa. Pemba ni habari nyingine. Mlango wa bahari kati yake na bara ni wa kina kirefu sana, na haukukauka.

KITANDA CHA KAMBA

Sasa fikiri kitanda cha kamba. Mtu mzito akikaa katikati, kamba hubonyea pale alipokaa. Lakini nchi ilikandamizwa kwa namna iliyozidi hapo. Mwamba uliosukumwa kutoka chini ya barafu ulikwenda pembeni, na nchi za pembeni zikafutuka kidogo, kama unga uliokandwa unavyofutuka pembeni ukiubonyeza katikati kwa kidole.

Barafu ilipoondoka, katikati kulianza kuinuka, na pembeni kulianza kushuka. Kwa hiyo katika dunia hii hii, kwa sababu moja ile ile, mmoja anapata ardhi na mwingine anapoteza.

Pwani ya mashariki ya Marekani ni mojawapo ya nchi hizo za pembeni. Kuna ghuba inayoitwa Chesapeake. Ndani yake kulikuwa na kisiwa kilichoitwa Holland Island. Mwanzoni mwa karne ya 20 zaidi ya watu 300 walikaa kisiwani humo. Walikuwa wavuvi na wakulima, na walikuwa na shule na kanisa. Maji yalikuwa yanapanda, nchi ilikuwa inashuka, na mawimbi yalikuwa yanakula ufuko. Watu wakahama. Wengine walizibomoa nyumba zao na kwenda nazo bara. Nyumba ya mwisho ilianguka mwezi Oktoba mwaka 2010.

WATU NAO HUISHUSHA NCHI

Barafu ya kale hatuwezi kuiamuru. Lakini iko sababu nyingine ya nchi kushuka, na hiyo imo mikononi mwa watu. Sababu hiyo ni kuvuta maji mengi kutoka chini ya ardhi.

Chini ya miji mingi ya pwani kuna tabaka za mchanga na tope laini. Kati ya chembe za tope hilo kuna maji. Maji hayo husaidia kubeba uzito wa ardhi iliyo juu. Ukiyavuta kupita kiasi, tope hushindiliana. Ni kama gunia la pamba ukilikalia. Linapungua kimo, na hata ukiondoka halirudi kama lilivyokuwa.

Jambo hilo limeupata mji wa Jakarta, nchini Indonesia. Watu ni wengi, na maji ya bomba hayakuwatosha wote. Nyumba, viwanda na hoteli vilichimba visima virefu. Katika miongo michache baadhi ya mitaa ya kaskazini ya mji ilidididimia kwa kadiri ya mita 4. Hizo ni mara mbili za kimo cha mlango wa nyumba. Bahari ya dunia haikupanda hata mita moja kwa muda huo. Aliyeshuka ni mji wenyewe. Leo ukuta umejengwa kuizuia bahari, na nyuma ya ukuta watu wanakaa chini ya usawa wa maji. Katika mtaa wa Muara Baru kuna msikiti ulioachwa baada ya bahari kuingia ndani.

Mwaka 2019 Rais wa Indonesia wa wakati ule, Joko Widodo, alitangaza kwamba makao makuu ya nchi yatahamishiwa kisiwa cha Borneo. Kudidimia kwa Jakarta kulikuwa mojawapo ya sababu.

Je, jambo hili lina dawa? Lina dawa. Mji wa Tokyo, nchini Japani, ulipatwa na msiba huo huo. Katika karne ya 20 baadhi ya mitaa yake ya mashariki ilishuka zaidi ya mita 4. Serikali ikaweka sheria katika miaka ya 1950 na 1960 kuzuia viwanda kuvuta maji ya chini ovyo. Viwanda vikapewa maji mengine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kushuka kulikuwa kumekoma karibu kabisa. Lakini sikiliza hili: ile mitaa haikuinuka tena. Iko chini mpaka leo, na inalindwa kwa kuta na mashine za kutoa maji. Dawa ilizuia ugonjwa usiendelee, lakini haikukirudisha kilichopotea.

NCHI INAPOSOGEA KWA USIKU MMOJA

Mambo tuliyoyataja ni ya polepole. Tetemeko la ardhi halina subira.

Usiku wa tarehe 28 Machi 2005 tetemeko kubwa lilikipiga kisiwa cha Nias, nchini Indonesia. Asubuhi watu wa pwani moja walikuta matumbawe yametoka nje ya maji, na samaki wamekwama. Bahari haikuwa imepwa. Nchi ilikuwa imepanda. Mahali pengine ilipanda karibu mita 3. Upande mwingine, sehemu za visiwa vya Banyak na pwani ya Singkil zilishuka, na maji yakaingia kwenye nyumba. Tetemeko ni moja, lakini huku gati lilibaki nchi kavu, na kule minazi ilisimama baharini.

MWEZI, BARAFU NA BAHARI YETU

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki haikulaliwa na barafu ile. Kwa hiyo hatuna nchi inayoinuka kama Sweden. Hatuwezi kutumaini kwamba ardhi itatuinua ili tuepuke maji.

Tena liko jambo ambalo halituelekei vizuri. Barafu nyingi bado iko Greenland, kaskazini kabisa, na Antaktika, kusini kabisa. Barafu ya Greenland ikiyeyuka, utadhani kwamba maji yatazidi kwanza huko huko Greenland. Sivyo.

Wewe mvuvi unajua kwamba mwezi huyavuta maji. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Basi kila kitu kizito huvuta, hata barafu. Barafu ya Greenland ni nzito mno, na huyavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo. Ikiyeyuka, nguvu ya kuvuta hupungua. Maji yaliyokuwa yamekusanyika pale huachiwa, na huja mbali. Nchi ya Greenland nayo, ikipunguziwa mzigo, huinuka. Kwa hiyo kando ya Greenland bahari hushuka. Bahari za mbali, pamoja na hizi za joto tulizo nazo sisi, hupata zaidi kidogo ya wastani.

Ndiyo kusema kwamba barafu ambayo hujapata kuiona, katika nchi ambayo hutafika, ina habari na kisima chako.

SI KILA UFUKO UNAOLIWA UNALIWA NA BAHARI INAYOPANDA

Lakini tusiitupie bahari lawama zote. Ufuko wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, uliliwa vibaya na mawimbi. Mojawapo ya sababu ilikuwa watu kuchimba mchanga wa kujengea katika mito inayoingia baharini pale. Mchanga wa mtoni ndio chakula cha ufuko. Mawimbi huchukua mchanga kila siku, na mto hurudisha. Mto usiporudisha, ufuko hukonda.

Mabonde ya mito nayo yana desturi hiyo. Delta ni ardhi ya tope iliyoletwa na mto. Tope hilo hushindiliana lenyewe kwa uzito wake, na ardhi hushuka kidogo kidogo. Tope jipya la mafuriko hurudishia. Huko Misri, bwawa kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Lilileta umeme na kuzuia njaa ya ukame. Lakini tope la mto Nile likabaki nyuma ya bwawa. Ardhi ya delta inaendelea kushuka, tope jipya haliji, na bahari imekula pwani penye midomo ya mto.

Sisi tuna delta ya Rufiji, yenye misitu mikubwa ya mikoko. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022. Linatupa umeme tunaouhitaji. Lakini bwawa lolote kubwa huzuia sehemu ya tope. Kwa hiyo watu wa delta na wataalamu wanapaswa kuiangalia ardhi ile kwa makini, mwaka hadi mwaka, wakijua yaliyoipata delta ya Nile.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, hatuwezi kuiinua nchi. Lakini yako mambo ambayo kijiji kinaweza kuyafanya.

Kwanza, tupime. Chagueni mwamba imara au nguzo ya gati. Msichague mti uliochomekwa mchangani. Wekeni alama ya rangi pale bamvua kubwa linapofika. Andikeni tarehe katika daftari la kijiji. Mwaka unaofuata, mwezi ule ule, pimeni tena. Upepo na mvua hubadilisha maji, kwa hiyo mwaka mmoja hautoshi. Baada ya miaka 10 au 20 daftari hilo litakuwa mali. Celsius alianza kwa alama moja tu.

Pili, tusijenge karibu na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ufukoni. Watu wengine huiona sheria hiyo kuwa ni usumbufu. Ikumbukeni nyumba ya mwisho ya Holland Island.

Tatu, tutunze mikoko. Mizizi yake hukamata tope, na tope likikamatwa ardhi hupanda. Mikoko ni fundi anayejenga nchi bila mshahara.

Nne, tusichimbe mchanga wa mtoni na ufukoni ovyo.

Tano, tuwe waangalifu na visima. Ukivuta maji matamu kupita kiasi karibu na bahari, maji ya chumvi huja kuchukua nafasi yake. Na mahali penye tope laini, nchi yenyewe inaweza kushuka. Kabla ya kuchimba kisima kirefu chenye mashine, tumwulize mtaalamu wa maji wa wilaya.

Na wewe unayekaa mbali na pwani, usiseme kwamba habari hii si yako. Ukikata miti ovyo mlimani, mto hubeba udongo wa shamba lako. Na mto huo unaishia baharini, kwenye shamba la mwenzako.

Siku nyingine mzee akikwambia kwamba zamani maji hayakufika hapa, msikilize vizuri. Kisha mwulize: yalifika wapi, mwaka gani, na mto wetu ulikuwaje wakati ule? Andika majibu yake. Yeye hakuchonga jiwe, lakini alama anayo kichwani.

MANENO MAPYA

Delta: ardhi ya tope kwenye mdomo wa mto, ambako mto hugawanyika kabla ya kuingia baharini.
Ghuba: mkono wa bahari ulioingia nchi kavu.
Kudidimia: kushuka chini polepole.
Setilaiti: chombo kinachozunguka dunia angani na kupima au kupiga picha.
Wastani: kiasi cha katikati ukijumlisha vyote na kugawanya.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA DARASANI

1. Alama iliyo kwenye nguzo imefunikwa na maji. Taja sababu mbili zinazoweza kuwa zimeleta jambo hilo.
2. Kwa nini nchi ya Sweden inainuka mpaka leo, ingawa barafu ilikwisha zamani?
3. Mji wa Tokyo ulifanya nini ambacho mji wa Jakarta ulichelewa kukifanya?
4. Nchi ikiinuka sentimeta 1 kila mwaka, itakuwa imeinuka kiasi gani baada ya miaka 300?
5. Katika kijiji chenu, ni mwamba gani au nguzo gani inafaa kuwekewa alama? Nani atalitunza daftari?